Tangazo Likifika Kwenye Simu ya Mteja

ZAINABU: Karibuni tena, tuko hapa Mwanga, Kigoma mjini. Leo ni picha za matangazo ya simuni. Rama, mtu kakuletea tangazo la dagaa, faili lina megabaiti 14. Unaanzia wapi?

RAMA: Namuuliza kwanza, linakwenda kuchapwa au linakwenda WhatsApp? La kuchapa, zile pikseli 300 kwa inchi, yaani nukta ndogo zinazounda picha, zina kazi yake. Simuni hazina. Picha ya 1080 kwa 1080, uiandikie 72 kwa inchi au 300, simu inaionesha vilevile.

ZAINABU: Kumbe! Watu wanabadilisha 72 kuwa 300 wakitegemea picha itang'aa.

RAMA: Haing'ai, dada. Tazama kioo chenyewe. Simu nyingi za bei nafuu zina upana wa pikseli 720, za kati 1080. Ndiyo maana natengeneza kwa 1080. La stetasi 1080 kwa 1920, linajaza karibu kioo chote.

ZAINABU: Na mwenye picha ya kamera, 4000 kwa 3000? Si ndiyo nzuri zaidi?

RAMA: Hizo ni pikseli milioni 12, kioo cha 1080 kitaziweka wapi? WhatsApp inazipunguza na kuzibana kabla hazijatoka, na hapo maandishi ndiyo yanaumia. Dagaa walioanikwa pale Kibirizi hawaoneshi kasoro, wana mng'ao wao. Lakini angalia tarakimu za bei, hasa nyekundu juu ya njano: kingo zimezungukwa na vidoa vidogo, 8 inafanana na 3. Mteja anapiga simu kuuliza bei ambayo umeshaiandika!

ZAINABU: Kwa hiyo tuhifadhi kwa PNG, ile aina ya faili isiyopoteza kitu cha picha?

RAMA: Tangazo la maandishi na rangi tupu, ndiyo, PNG inatunza kingo. Lenye picha kubwa ya samaki, migebuka tuseme, JPEG, aina ya faili inayobana picha, maana PNG yake itakuwa nzito mno. Ukituma kama picha ya kawaida WhatsApp itaibana tu, kwa hiyo chagua HD, yaani ubora wa juu, ipo tangu 2023. Kutuma kama dokumenti kunatunza kila kitu, ila mimi simtumii mteja hivyo. Yuko Kasulu na bando la siku, umpe megabaiti 14 za nini?

ZAINABU: Hapo nakuunga mkono kabisa, kaka. Bando ni hela ya mtu. Na ukubwa wa herufi je?

RAMA: Hilo ndilo linaloniuma! Kwenye kompyuta kila kitu kinasomeka. Simuni, upana wote wa 1080 ni kama sentimita 7, kwa hiyo herufi ya pikseli 30 ina milimita 2. Mama wa sokoni ataisomaje juani? Namba ya simu naipa pikseli 60 kwenda juu.

ZAINABU: Na bei?

RAMA: Bei iwe kubwa kuliko jina la duka. Anayetafuta mawese anaangalia bei ya dumu kwanza, jina lako atalisoma akishaamua kupiga.