Hedhi Inayoruka na Mishipa ya Moyo

Ndugu wauguzi, akina mama na mabinti mliofika ukumbini hapa Moshi, shikamooni wakubwa zangu.

Mwanamke anayepata hedhi chini ya mara 8 kwa mwaka huja kliniki na swali moja, nalo ni la mtoto. Akishashika mimba, au akikata tamaa, hatumfuatilii tena, na hapo ndipo ninapopingana na mazoea yetu. Tatizo la homoni ambalo mara nyingi ndilo chanzo cha hedhi hiyo kuruka, liitwalo sindromu ya ovari zenye vifuko vingi, ambalo Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2023 kuwa linawapata asilimia 8 hadi 13 ya wanawake walio katika umri wa kuzaa, haliishii kwenye uzazi. Kwa wengi wao mwili hauitikii ipasavyo insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu, kongosho hulazimika kutoa nyingi zaidi, na ile iliyozidi huzichochea ovari kutengeneza homoni za kiume, ndipo zinapokuja chunusi na ndevu. Polepole sukari, mafuta ya damu na shinikizo la damu navyo hupanda, na mishipa ya moyo huweza kuathirika miaka mingi kabla kifua hakijauma.

Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2023 unaelekeza kila mwenye tatizo hili apimwe vitu hivyo vitatu, awe mnene au mwembamba. Nasisitiza wembamba, kwa sababu mama anayepandisha Kibosho na mkungu wa ndizi kichwani tunamwona mzima hata kabla ya kumpima.

Yuko pia ambaye hedhi imekoma kabla ya miaka 40. Majirani humwambia amepumzika mapema. Kumbe amepoteza estrojeni, homoni ya kike iliyokuwa ikisaidia kuilinda mishipa yake, naye anastahili kuonana na daktari kuhusu kurudishiwa homoni hiyo, isipokuwa kama ana kizuizi, mathalani saratani ya matiti. Aliyewahi kupata kifafa cha mimba naye tumuulize, kwa kuwa mishipa yake pia iko hatarini, hata kama mtoto huyo sasa yuko sekondari.

Kuhusu vidonge vya kurekebisha hedhi, vile vyenye estrojeni vinaweza kupandisha shinikizo la damu na kugandisha damu, kwa hiyo mtu apimwe kwanza, wala asiazime vya dada yake.

Na mwanamke yeyote kati ya hawa akikuambia pumzi inakatika, taya au mgongo unauma, kichefuchefu kimemshika na uchovu si wa kawaida, usimpe dawa ya vidonda vya tumbo ukamrudisha nyumbani. Mpeleke apimwe moyo saa hiyohiyo.