Hofu Yenye Ramani: Tahadhari za Watu Wakati wa Mlipuko wa Ugonjwa

Mabibi na mabwana, karibuni.

Wahenga walisema: kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Waliuheshimu woga, nami nauheshimu. Lakini mwoga wa methali hiyo anaijua njia ya kurudi nyumbani. Mlipuko mkubwa wa ugonjwa unapoingia, watu hawapungukiwi na woga, hupungukiwa na njia. Kwa hiyo nawaambia ninyi mnaoandika matangazo ya afya, mnaosoma habari redioni na mnaoulizwa maswali na majirani: ujumbe unaoongeza hofu bila kuonyesha njia unaumiza watu. Nitaeleza kwa nini, kisha tuone ujumbe wenye njia unaandikwaje.

Tuanze na maneno matatu yanayochanganywa. Hofu ina kitu mbele yake: mtu anakohoa karibu nawe, moyo unaenda mbio, unasogea. Hofu hiyo imefanya kazi yake na sasa inaweza kuondoka. Wasiwasi hausubiri anayekohoa. Unakaa na swali la "itakuwaje kama", unaamka nalo usiku, unapima joto la mwili mara ya tano. Taharuki ni ya kundi: watu wanatazamana, kila mmoja anasoma hatari usoni mwa mwenzake, na duka linabaki tupu kabla mgonjwa wa kwanza hajaonekana. Ujumbe unaotuliza taharuki waweza usimsaidie kabisa mwenye wasiwasi, ndiyo maana natenganisha.

Sasa niwapeleke Chuo Kikuu cha Yale, mwaka 1965. Howard Leventhal na wenzake walitaka kujua kama kuwatisha watu kunawafanya wachanje. Waliwapa wanafunzi vijitabu kuhusu pepopunda. Vingine vilitisha sana, vingine vilieleza kwa upole. Waliosoma vya kutisha waliogopa zaidi, na wakasema wanaona chanjo ni muhimu. Mpaka hapo ungesema kutisha kumefaulu. Lakini baadhi ya wanafunzi, wa kundi la vitisho na wa kundi la upole, walipewa nyongeza ndogo: ramani ya chuo yenye jengo la zahanati limezungushiwa alama, saa za kuchanja, na ombi kwamba waangalie ratiba yao ya wiki watafute ni lini watapita karibu na hapo. Waliopewa ramani na mpango, karibu asilimia 28 walikwenda kuchanjwa. Wasiopewa, karibu asilimia 3. Ukali wa vitisho haukubadilisha hesabu hiyo.

Jambo la pili katika jaribio hilo husahauliwa. Wanafunzi waliopewa mpango peke yake, bila maelezo yoyote ya hatari, nao hawakwenda. Kwa hiyo hofu kidogo inahitajika ili mtu ainuke kitini. Baada ya hapo kinachompeleka mlangoni ni ramani, na ukimwongezea hofu humwongezei mwendo.

Mwaka 1992 mtafiti Kim Witte alilipanga jambo hili vizuri. Mtu akisikia habari ya hatari, hupima mara mbili. Kwanza: je, ni kubwa, na inanihusu mimi? Akiona haimhusu, anaendelea na shughuli zake. Akiona inamhusu, anapima mara ya pili: je, kuna la kufanya linalosaidia kweli, na mimi naliweza? Majibu yakiwa ndiyo na ndiyo, anaishughulikia hatari. Jibu likiwa hapana, hofu haipotei, ila anaanza kushughulikia hofu yenyewe badala ya ugonjwa. Anakana: "huo ugonjwa ni uongo." Anazima redio. Anamkasirikia mletaji wa habari. Anashika dawa yoyote anayotajiwa. Nawaomba mlishike hili, kwa sababu tunapomwona mtu anakana tunadhani haogopi, kisha tunamwongezea picha za majeneza. Mara nyingi anaogopa sana na hajaona pa kutokea.

Wakati wa SARS, ugonjwa mkali wa mapafu uletwao na virusi, mwaka 2003, watafiti wa Hong Kong waliwauliza wakazi kuhusu wasiwasi wao na tahadhari walizochukua. Waliokuwa na wasiwasi wa wastani ndio waliokuwa na uwezekano mkubwa wa kuchukua tahadhari zote kwa pamoja. Asiye na wasiwasi haoni sababu, na aliyezidiwa hana utulivu wa kufuata hatua kwa mpangilio.

Hofu isiyo na njia huvunja wapi? Mwaka 1994 tauni iliripotiwa katika mji wa Surat, India. Mamia ya maelfu ya watu walikimbia mji ndani ya siku chache, na dawa ya tetrasaiklini ikanunuliwa mpaka ikaadimika. Waliokufa hawakufika mia. Kukimbia kulikuwa njia pekee ambayo watu waliiona, nako kungeweza kuusambaza ugonjwa nchi nzima. Mwaka 2020 nchini Iran mamia ya watu walikufa kwa methanoli, aina ya alkoholi yenye sumu, baada ya uvumi kwamba pombe hukinga virusi vya korona. Marekani, katika wiki nne za kuelekea mwisho wa Aprili 2020, watu waliofika idara za dharura walipungua kwa asilimia 42 ukilinganisha na mwaka uliotangulia. Mshtuko wa moyo na kiharusi havikwenda likizo. Baadhi ya wagonjwa walibaki nyumbani kwa kuogopa hospitali.

Kisha kuna hofu iliyoelekezwa pasipo pake, na hapa nitakaa kidogo. Mwanzoni mwa UVIKO-19 watu wengi walifuta pakiti, vitasa na viatu kutwa nzima, huku wakikaa na wageni katika chumba kilichofungwa. Virusi vile husafiri hasa kwa hewa tunayovuta pamoja. Kufikia Aprili 2021 kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC, kilikadiria kuwa kugusa sehemu yenye virusi kwa kawaida kunaambukiza chini ya mara 1 katika 10,000. Lakini kitambaa na dawa vinampa mtu kazi ya mikono, naye anahisi amefanya jambo. Dirisha lililofunguliwa halimpi hisia hiyo, ingawa linamkinga zaidi. Mkimwambia tu "acha kufuta," atabaki na hofu mikononi. Mpeni kazi nyingine: afungue madirisha ya pande mbili zinazotazamana ili hewa ipite, abane waya wa barakoa puani, akague mashavuni kama kuna upenyo.

Dawa ya klorini nayo imeumiza watu. Kati ya Januari na Machi 2020 simu kwa vituo vya Marekani vya ushauri kuhusu sumu, zilizohusu sabuni na dawa za kuua vijidudu, ziliongezeka kwa asilimia 20 hivi kuliko miezi hiyo ya 2019. Sababu zinajulikana. Watu wanachanganya klorini na siki au dawa nyingine ya choo yenye asidi, gesi ya klorini inatoka. Wanaichanganya na amonia, inatoka mvuke wa kloramini. Wanadhani kali zaidi ni salama zaidi. Kwa sehemu za kawaida, klorini ya asilimia 0.1 inatosha. Hesabu yake ni hii: soma lebo, gawanya asilimia iliyoandikwa kwa 0.1, kisha toa moja. Jibu ni vipimo vya maji kwa kipimo kimoja cha dawa. Ya asilimia 5 inataka maji vipimo 49, yaani mililita 20 za dawa na 980 za maji kupata lita moja. Ya asilimia 3.5 inataka vipimo 34. Maji yawe ya baridi, mchanganyiko uwe wa siku hiyo, na uchafu uoshwe kwa sabuni kwanza, maana uchafu huila klorini kabla haijafikia vijidudu. Futa kwa kitambaa. Usimpulizie mtu, hata mlangoni, hata kwa nia njema.

Mikono ni jambo la haraka: sabuni sekunde 20 za kusugua, ikiwemo dole gumba na ncha za vidole, ambazo husahauliwa, au kitakasa chenye alkoholi isiyopungua asilimia 60, kisuguliwe mpaka kikauke chenyewe. Anayekifuta kwa leso amekiondoa kabla hakijamaliza kazi.

Turudi kwenye matangazo. Chukueni sentensi hii: "Ugonjwa huu ni hatari na unaua, wananchi wote mchukue tahadhari." Sehemu ya kwanza imeongeza hofu, ya pili haina tendo hata moja. "Tahadhari" huwezi kuishika mkononi. Ujumbe wenye njia unataja nani, lini, wapi, kwa muda gani, na nini kifanyike mambo yakikwama. Kwa mfano: "Ukianza homa au kikohozi, lala chumba cha peke yako na ufungue dirisha. Anayekuhudumia avae barakoa, na wewe uvae anapoingia. Huna chumba cha pili? Laleni mbali kadiri nafasi inavyoruhusu, dirisha likiwa wazi. Ukishindwa kumaliza sentensi bila kuhema, kifua kikibana bila kuachia, ukichanganyikiwa au midomo ikibadilika rangi, nenda hospitali mara moja." Kisha namba ya simu, na saa inapopokelewa. Namba isiyopokelewa ni mbaya kuliko kukosa namba, kwa sababu inamfundisha mtu kwamba njia mliyomwonyesha haifiki popote.

Lile swali la "huna chumba cha pili" ndilo linaloachwa mara nyingi. Miaka ya 1950 wanasaikolojia wa Huduma ya Afya ya Umma ya Marekani, miongoni mwao Godfrey Hochbaum na Irwin Rosenstock, walichunguza kwa nini watu hawajitokezi kupigwa picha ya kifua ya kifua kikuu ingawa huduma ililetwa karibu. Katika maelezo waliyoyajenga, pamoja na hatari na faida, waliweka vikwazo: muda, gharama, aibu, usumbufu. Kabla ya kutoa ujumbe, wasomeeni watu watano au sita wa aina mnayoilenga na muwaulize: "Nini kitakuzuia?" Jibu linalojirudia lipewe sentensi yake ndani ya tangazo.

Kuna kosa la upande wa pili, la kusema "msiogope, hali ni shwari." Tarehe 28 Septemba 1918, homa ya mafua ikiwa tayari imeingia mjini, Philadelphia iliruhusu gwaride lililokusanya watu wapatao 200,000. Siku chache baadaye hospitali zilifurika. Ukimwambia mtu asiogope, kisha akamzika jirani yake, hatakusikiliza utakapomwonyesha mlango. Semeni mnachokijua, msichokijua, mnachofanya ili mkijue, na lini mtarudi kueleza. Siku hiyo ikifika mrudi, hata kama hakuna jipya.

Kwa mtu mmoja mmoja, kipimo kizuri cha wasiwasi ni dodoso liitwalo GAD-7. Lina maswali 7 kuhusu wiki mbili zilizopita, kila jibu alama 0 hadi 3, jumla 21. Kuanzia 5 ni wasiwasi mdogo, 10 wa kati, 15 mkali. Mwenye 10 au zaidi aonane na mhudumu wa afya; dodoso halitoi hukumu, linaonyesha nani achunguzwe zaidi. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2022 kwamba matatizo ya wasiwasi na sonona yaliongezeka duniani kwa asilimia 25 katika mwaka wa kwanza wa janga, kwa hiyo hatuzungumzii watu wachache dhaifu.

Cha kwanza cha kurekebisha ni habari. Mtu achague chanzo kimoja au viwili, asome mara mbili kwa siku kwa saa maalumu, na ya mwisho isiwe kitandani. Cha pili ni kujikagua. Kupima joto mara kumi kunatuliza kwa dakika chache, kisha shaka inarudi ikidai kipimo kingine. Apime asubuhi na jioni, aandike, aweke kipimajoto mbali.

Na mlipuko ukipungua? Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na wengine hubaki ndani miezi mingi baada ya hatari kushuka. Hawa wasisukumwe wala wasichekwe. Waandike ngazi: kusimama nje ya mlango, kutembea barabara tulivu, kuingia duka saa isiyo na watu, kukaa na ndugu mmoja ndani. Kila ngazi irudiwe siku kadhaa. Akiwa ngazini asiondoke hofu ikiwa kileleni, kwa sababu mwili utajifunza kwamba kukimbia ndiko kulikomwokoa. Abaki, atoe pumzi taratibu kuliko anavyoivuta, asubiri ishuke hata kwa nusu, ndipo aondoke. Ngazi ikimshinda, aigawe mara mbili: kabla ya kuingia dukani, asimame kwanza mlangoni mwa duka.