Seli si Yai la Kukaanga

Mhadhara kwa walimu wa sayansi wa darasa la saba na kidato cha kwanza na cha pili, Morogoro

Walimu wenzangu, walionizidi umri shikamooni, na wengine habari za asubuhi.

Mliohudhuria semina zilizopita mnajua nitaanzia wapi, na nitaanzia hapohapo kwa sababu jambo lenyewe bado halijarekebishwa. Mpe mwanafunzi wa kidato cha pili karatasi, mwambie achore seli ya mnyama. Atachora duara, ndani yake duara dogo, hilo dogo atalipaka weusi, atavuta mistari mitatu na kuandika majina. Anapata alama zote. Halafu mwulize: kitu hiki kiko wapi? Juzi nilimwuliza kijana mmoja hivyo, akanijibu, "Kiko kwenye kitabu, mwalimu." Nikamwuliza, na mkononi mwako je? Akautazama mkono, akaugeuza, akasema, "Huku ni ngozi tu."

Kijana huyo si mvivu. Sisi ndio tuliomfundisha hivyo. Na neno letu wenyewe linatuponza: tunasema kiini cha yai, tunasema kiini cha seli. Mwalimu anatafuta mfano wa karibu, anasema seli ni kama yai, ute ni saitoplazimu, yaani majimaji yanayoijaza seli, na kiini ni kiini. Darasa zima linaitikia, limeelewa! Limeelewa kitu ambacho si kweli. Yale manjano yote, yalipokuwa bado ndani ya ovari ya kuku, yalikuwa seli moja, kubwa hivyo kwa sababu imejazwa chakula cha kifaranga. Kiini cha seli kilikuwa ndani ya kidoa kidogo cheupe kilicho juu ya manjano. Ute na ganda viliongezwa baadaye, yai likiwa njiani kutoka. Kwa hiyo yai litumieni, ni mfano mzuri kuliko mnavyodhani, lakini lipasueni kwenye sahani na mtafute kile kidoa. Mkiendelea kuchora yai la kukaanga ubaoni, mtoto atakwenda nalo mpaka chuo kikuu.

Sasa kisa ambacho wengine mmekisikia. Nilikuwa shule moja ya kata, kidato cha kwanza, wanafunzi 71, hadubini moja ya kutumia mwanga wa jua. Nilichota maji ya dimbwi, nikatia nyasi kavu, nikayaacha siku nne kwenye chupa isiyofungwa kizibo. Nyasi zinaoza, bakteria wanaongezeka, na paramesiamu, viumbe wa majini ambao mwili wao mzima ni seli moja, wanawala hao bakteria. Siku ya nne unaona utando umetanda juu ya maji. Tone linalochotwa chini kidogo ya utando huo ndilo lenye umati. Nikaweka nyuzi mbili tatu za pamba kwenye slaidi, kile kioo cha kuwekea tone, ili wapunguze mbio, maana bila pamba wanapita kama bodaboda.

Foleni ikaanza. Kila mmoja anainama, anahesabu mbili tatu, "nimeona mwalimu," anaondoka. Wengi walikuwa wameona kope zao wenyewe. Akafika binti mmoja, akainama, hakuinuka. Wa nyuma wakaanza kulalamika. Akasema bila kuinua kichwa, "Mwalimu, kinapumua." Nikamjibu kwamba paramesiamu hana mapafu, achore alichoona apishe wengine.

Akachora. Mwili mrefu unaojizungusha huku unakwenda, na mishale ya kuonyesha mzunguko. Ndani, karibu na kila ncha, kitu kama nyota ndogo, na pembeni ameandika kwa Kiswahili: "hapa panajaa, panatoweka, panajaa tena." Nilimnyima alama. Kitabuni paramesiamu ana umbo la soli ya kiatu, ametulia, ana majina saba. Wake hakufanana naye.

Usiku ule yale maneno hayakuniacha. Asubuhi nikaenda kuangalia mwenyewe, tone moja, nusu saa. Panajaa, panatoweka, panajaa tena. Ni vakuoli inayojikaza! Maji yanaingia mwilini mwa paramesiamu bila kukoma kwa sababu ndani kuna chumvi nyingi kuliko nje, na asipoyatoa atapasuka. Zile nyota ni pampu zake. Nilikuwa nimefundisha osmosisi, huko maji kupenya utando kufuata chumvi, miaka 11 kwa viazi na maji ya chumvi, sijawahi kuiona ikipiganiwa na kiumbe hai. Nikamrudishia alama zake mbele ya darasa, nikamwomba radhi.

Mwenzetu mmoja hapa mbele tayari anatikisa kichwa, najua: kidato cha kwanza mtoto ameshaingia kwenye Kiingereza, mtihani hautauliza "panajaa panatoweka". Mwalimu wangu, sikiliza. Mwaka 1674 mfanyabiashara wa vitambaa wa mji wa Delft, Uholanzi, Antoni van Leeuwenhoek, aliangalia maji ya ziwa kwa lenzi aliyoisaga mwenyewe, akaona viumbe hawa tunaowaita protista, ambao wengi wao ni wa seli moja. Hakujua Kilatini, lugha ya wasomi wa wakati wake. Aliandika kwa Kiholanzi chake, akiwalinganisha viumbe hao na vitu vya nyumbani, na wanasayansi wa London aliowaandikia wakalazimika kumtafutia wafasiri. Hakusubiri istilahi ndipo aone. Yule binti naye alipofundishwa jina la vakuoli wiki iliyofuata, kwa Kiingereza, hakulisahau, kwa sababu jina lilikuta kitu kinalisubiri. Wenzake walikuta neno tupu wakalikariri, na likizo ikaja ikaondoka nalo.

Hadubini hamna? Najua hamna, nimefundisha huko. Lakini paramesiamu ana urefu wa karibu robo milimita. Chukueni chupa ya kioo yenye maji ya siku nne, wekeni kitambaa cheusi nyuma yake, mulikeni kwa tochi ya simu kutoka ubavuni. Mtaona vidoa vyeupe kama vumbi, ila vumbi hili linakwenda linakotaka, linageuka, linapanda juu. Hapo mwulizeni mtoto: utajuaje kama ni hai? Mwacheni abishane na mwenzake kipindi kizima. Kipindi hicho hakijapotea, na anayesema silabasi ni ndefu aniambie amemaliza kufundisha nini kama mtoto anadhani seli zinaishi kitabuni.

Jambo moja la usalama, na hapa sitaki mzaha: msiwapeleke watoto kuingia kwenye mifereji ya mpunga wala kingo za bwawa. Kichocho kipo. Mwalimu achote kwa ndoo na kamba, na kila mtu anawe mikono kwa sabuni.

Naona mwenyekiti ananionyesha saa, basi haraka haraka. Malaria. Watoto wetu wote wanaijua, wengi wamelala kitandani kwa ajili yake, na bado ukiwauliza watakwambia inaletwa na bakteria, au na mbu mwenyewe. Anayeileta ni plasmodiamu, naye ni protista; mbu humbeba tu. Anaishi ndani ya chembe nyekundu ya damu, seli ndani ya seli. Mwaka 1880 daktari Mfaransa, Laveran, alimwona kwenye damu ya mgonjwa huko Algeria. Siku hizi zahanati zinatumia kipimo cha haraka, lakini kituo cha afya chenye maabara bado kina slaidi. Nendeni mkamwombe mtaalamu wa maabara awaonyeshe moja iliyotiwa rangi. Mtoto aliyewahi kuugua ana haki ya kumwona aliyemlaza.

Nilitaka kuzungumzia pia mwani unaolimwa Paje na Jambiani, Zanzibar, ambao vitabu vingi huuweka kapu moja na amiba, kiumbe mwingine wa seli moja, na kwa nini kapu lenyewe la protista limeshachanwachanwa na wanabiolojia. Muda hautoshi, hilo libaki kwa semina ijayo.

Ile chupa pale dirishani niliiweka Jumatatu. Leo Ijumaa. Kitambaa cheusi kipo, tochi mnazo kwenye simu zenu, na hadubini nimeazima moja kwa saa mbili. Njooni watano watano, na atakayeinama asiinuke mpaka aone panapojaa na kutoweka.