Funguo tatu peke yake hazitoshi: saini za pamoja katika pochi tofauti

Mheshimiwa mwenyekiti, waweka hazina wa vikundi, ndugu zangu, habari za mchana.

Vikundi vingi vya akiba hapa Uganda vina kisanduku chenye kufuli tatu, na kila ufunguo unakaa kwa mwanachama tofauti. Ndiyo maana pochi ya bitkoini ya saini mbili kati ya tatu, yaani yenye funguo tatu ambapo wawili wakisaini pesa inatoka, inaeleweka upesi. Ila kisanduku hakijali ufunguo umechongwa na fundi gani. Pochi inajali sana.

Tuseme mweka hazina wa Kampala anatumia programu ya kompyuta, katibu wa Gulu ana kifaa maalumu cha kusainia, na mwenyekiti yuko Mbale na pochi ya simu. Kampala anaandaa muamala, anasaini, anatuma faili Gulu. Kifaa kinajibu kwamba ufunguo wake haumo. Maneno yake 24 ya siri, yanayozalisha funguo zake, ni sahihi na kifaa ni kizima.

Mara nyingi kasoro iko kwenye njia. Maneno yale huzaa funguo nyingi mno, na pochi huufikia kila mmoja kwa njia yake. BIP ni nyaraka za mapendekezo ya kiufundi ya bitkoini, na BIP 48 inaelekeza njia m/48'/0'/0'/2' kwa anwani za pamoja (namba za kupokelea pesa) zinazoanza na bc1; programu nyingine huanzia m/45'. Tarakimu moja ikitofautiana, umefika kwenye ufunguo mwingine kabisa.

Kuna na mpangilio. Kila ufunguo wa siri una mwenzake wa umma, unaoweza kuonyeshwa wengine; funguo tatu za umma hupangika kwa namna 6, na kila mpangilio hutoa anwani yake. BIP 67 inataka zipangwe kwa utaratibu mmoja. Programu isiyoifuata huziacha kama ulivyoziingiza. Hapo unafungua pochi, unakuta salio sifuri, moyo unapasuka. Pesa haijaibiwa. Unatazama anwani isiyo yenu.

Faili lenyewe nalo lina mambo yake. Zamani kila programu ilihifadhi muamala uliosainiwa nusu kwa mtindo wake, hadi BIP 174 ya mwaka 2017 ilipoleta PSBT, muundo mmoja wa faili kwa pochi zote. Ukilitazama kama maandishi, huanza na cHNidP8. Lipo pia toleo la pili, BIP 370, ambalo pochi za zamani hazilisomi. Na mwaka 2020, baada ya kugundulika hila ya kumfanya mtu asaini ada kubwa bila kujua, baadhi ya vifaa vilianza kudai muamala wote wa awali, ule ulioleta pesa zinazotumwa, uwemo ndani ya faili. Programu ambazo hazikuwa zikiuweka zikakataliwa ghafla, baada ya kusasisha kifaa tu.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo vikundi vinapopoteza akiba. Mwenyekiti akifariki na ufunguo wake ukapotea, wengi hudhani maneno ya wale wawili yanatosha. Saini mbili zinatosha, ndiyo. Lakini ili kutumia pesa ni lazima kuonyesha mtandao funguo zote tatu za umma, ukiwemo wa marehemu. Kama hamkuuandika popote, pesa mtaiona na hamtaigusa. Hakuna ofisi ya kuwarudishia. Benki Kuu ya Uganda mwaka 2022 ilizikataza hata kampuni zenye leseni ya malipo kubadilisha sarafu hizi kuwa mobile money.

Kwa hiyo kila mmoja wenu ahifadhi maelezo kamili ya pochi: saini ngapi kati ya ngapi, funguo kuu tatu za umma, njia ya kila mmoja, aina ya anwani, na kama funguo zimepangwa. Programu nyingi hutoa haya yote kama mstari mmoja wa maandishi. Uchapisheni. Mstari huo hauwezi kutumika kuiba pesa, ingawa anayeusoma ataona salio lenu, basi usitundikwe ukutani.

Kabla ya kuweka akiba, kila mmoja afungue pochi yake na mlinganishe anwani ya kwanza herufi kwa herufi. Kisha wekeni kiasi kidogo, mkitoe kwa Kampala na Gulu, mrudie kwa Gulu na Mbale, halafu Kampala na Mbale. Mkisasisha programu yoyote, mrudie zoezi hilo kabla ya kuongeza fedha.

Waliokuja na vifaa vyao wasogee meza ya mbele, tuanze na kulinganisha anwani.