Stesheni Zilifuata Maji, Watu Wakafuata Baadaye

Haya jamani, huko nyuma mnanisikia? Sawa. Nimepewa nusu saa na mzee wangu hapa mbele ameshaangalia saa mara mbili, kwa hivyo salamu nitazimalizia wakati wa chai.

Mtu akipita hizi stesheni zetu za zamani hapa Taita Taveta swali huwa ni lile lile, mbona ziliwekwa pahali pa ajabu hivi, unakuta jengo liko katikati ya pori, hakuna boma, hakuna duka, majirani ni ndovu. Jibu langu ni moja tu, aliyepanga hii reli hakuwa anatafuta watu, alikuwa anatafuta maji. Reli ilianza Mombasa 1896, ikafika Kisumu 1901, na kabla ifike kwetu ilibidi ivuke nyika ya Taru, na mnaijua Taru, miiba na vumbi. Injini ya moshi bila maji ni sufuria tupu. Sasa pale injini inaposhikwa na kiu, ndio hapo unaweka tangi, ukiweka tangi unahitaji mtu wa kulichunga, mtu anahitaji nyumba, basi hiyo imeshakuwa stesheni. Pia njia ilikuwa moja, treni ya kupanda na ya kushuka hazipitani mpaka moja iingie pembeni ingoje mwenzake, kwa hivyo kila baada ya mwendo fulani lazima uwe na pahali pa kungojea. Ndio mnapata Maungu, Ndara, Voi, Ndi, Manyani, Tsavo, zimefuatana kama shanga.

Tsavo siwezi kuiruka, mtanipiga. 1898 wanajenga daraja la mto, simba wawili wanakula watu miezi mpaka kazi ikasimama kabisa. Patterson, mhandisi wa daraja aliyewaua, alikuja kusema waliliwa watu 135, lakini 2009 wanasayansi walipima nywele na mifupa ya hao simba wakapata ni kama 35 hivi. Ngozi aliziuza 1924 kwa jumba la makumbusho la Field kule Chicago. Kwa hivyo sisi tuko na stesheni bila simba na wao wako na simba bila stesheni, nani amefaidika hapo sijui.

Voi nayo ilikuwa ya tumbo. Siku za mwanzo treni haikuwa na behewa la chakula, abiria walishuka Voi wakala chakula cha jioni kwenye bangalo ya reli halafu wakapanda tena. Kwa hivyo ukiona leo mabasi ya usiku yanasimama Voi watu wakashuka kula, hiyo tabia ina zaidi ya miaka mia.

Sasa tuje kwa ile ninayoipenda mimi, njia ya Taveta. Hii haikujengwa kwa biashara hata kidogo, ni reli ya vita. Agosti 1914 Wajerumani, waliokuwa wakitawala Tanganyika, walivuka mpaka wakachukua Taveta, na wao huko kwao walikuwa na reli ya Tanga imefika Moshi tangu 1911. Waingereza wakaona hatuwezi kupigana na watu wenye reli sisi tukiwa na punda, 1915 wakaanza kulaza mataruma kutoka Voi, Mwatate, Bura, katikati ya mwaka wako Maktau, kisha Mbuyuni. Na maji je? Maktau haina maji! Wakayaleta kwa mabomba kutoka milima ya Bura, yaani askari maelfu wanakunywa maji ya Bura huku wakingoja kufa vitani pale kilima cha Salaita, Februari 1916, na walikufa kweli, makaburi yako Taveta mpaka leo. Mwaka huo huo reli ikaunganishwa na ile ya Mjerumani.

Vita vikaisha, na hapo ndipo stesheni zikaanza kuchujwa. Mwatate ilipona kwa sababu kulikuwa na katani ya kubeba, Taveta kwa sababu ya mashamba na mpaka. Zile za jeshi tupu, jeshi likiondoka imebaki nini? Kisha injini za dizeli zikaingia, hazina kiu, matangi yakakosa kazi. Halafu 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, mpaka wa Tanzania ukafungwa mpaka 1983, na reli ya kwenda Moshi ikawa reli ya kwenda ukutani.

Mimi huzitafuta zilizopotea kwa mguu. Msitafute jengo, mtapoteza siku, tafuteni miti. Ukiona mikrismasi, ile miti ya maua mekundu, mitatu au minne imesimama mstari mmoja huko porini, mti haujipangi wenyewe, hapo palikuwa na mtu wa reli. Chimba kidogo kwa kiatu utapata kokoto zile nyeusi na majivu ya makaa. Kuna moja sitaitaja jina, maana nikiitaja wale wa vyuma chakavu watafika kabla yenu, imebaki sakafu tu na kipande cha ukuta chenye dirisha la tiketi. Ule ubao wa chini ya dirisha umeingia ndani kama kijiko, katikati tu, pale sarafu zilipokuwa zikisukumwa. Nilipitisha kidole pale nikakaa kimya kidogo. Mama yangu alisukuma sarafu zake kwenye ubao kama ule, akapewa kile kitiketi kigumu kidogo cha kadi, na akanionya nikikipoteza nitashushwa Ndi nilale na fisi.

SGR, hii reli mpya, nilijua mtauliza. Ilianza kubeba abiria 2017, tuna stesheni ya Voi na ya Miasenyi, majengo mazuri sana, hayafuati maji wala hayafuati watu, ukishuka unatafuta bodaboda. Lakini tusicheke haraka, hata Voi ya kwanza ilikuwa nyika.

Nilitaka kuwaeleza ile ringi, stesheni masta anasimama kando ya njia ameinua mkono, ringi ina kibali cha kuingia njia ya mbele, dereva hasimami, anaichomoa kwa mkono treni ikienda. Lakini mzee pale kwa mlango ametikisa kichwa tangu nianze, na naambiwa alikaa kwenye landhi za Voi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, miaka mingi. Mzee, shikamoo. Mpeni mic. Nimekosea wapi?