Peugeot 504: ulaini ndio uliifanya idumu

Jamani karibuni, sogeeni mbele wa nyuma nao wapate kukaa. Leo naongelea gari moja tu, Peugeot 504, na hoja yangu ni moja tu, kwamba ule ulaini wake ndio uliifanya idumu. Watu wengi wanadhani gari ngumu ni ile inayokurusharusha, eti ukishuka mgongo unauma basi huko chini kuna chuma cha maana, sio kweli kabisa.

Ilizinduliwa Ufaransa Septemba 1968, ilikuwa itoke mapema zaidi ila ile migomo ya wafanyakazi na wanafunzi ya Mei ikavuruga mambo, halafu ikawa Gari la Mwaka la Ulaya 1969. Umbo walichora Pininfarina, kampuni ya Italia ya kubuni magari. Sawa, lakini mimi tuzo siziangalii sana, twende chini ya gari. Springi zake zinacheza sana juu na chini, kwa hiyo tairi ikiingia shimoni inashuka peke yake na bodi inabaki imetulia, abiria hagongi kichwa, na kile kishindo hakifiki kwenye bodi kikaanza kulegeza nati na kupasua sehemu zilizochomelewa. Yaani kinachookoa mgongo wako ndicho kinachookoa gari! Na ile stesheni wagoni wakairefusha, nyuma wakaiwekea ekseli nzima, yaani mhimili mmoja unaounganisha tairi za pande zote mbili, na springi nne, mbili kila upande, ndio maana ile ya familia ilibeba watu saba kwa safu tatu bila kulala chini.

Hiyo ya watu saba Wakenya wenzangu mnaijua vizuri, ziliunganishwa Mombasa, na kwa miaka mingi ukitoka Nairobi kwenda Nakuru au Kisumu unapanda Peugeot, wazee, kina mama na watoto, wote humo. Nigeria nako Kaduna wakajenga kiwanda kizima, kikaanza 1975. Mwaka huohuo dereva Ove Andersson akashinda Safari Rally na 504, na 1978 akashinda Jean-Pierre Nicolas na 504 kupe, ile ya milango miwili, yenye injini ya V6 ya silinda sita, na mashindano yale tope na mawe hayakumwonea huruma mtu, gari kavu, yenye springi ngumu, ilikuwa inavunjika tu njiani.

Kule Ufaransa 504 ya saluni, ile ya kawaida ya milango minne, iliachwa kuundwa 1983, huku kwetu fundi bado aliifungua chini ya mwembe kwa spana za kawaida akaifunga ikaondoka. Ndio maana inaniuma nikiona gari mpya zinauzwa kwetu na tairi za ubavu mfupi na springi kavu, wakati barabara za vijijini ni zilezile.

Haya, maswali, yule dada alinyoosha mkono kitambo.