Kwa nini napanda chakula cha kulungu Pennsylvania: nawajibu wa kwenye komenti

Haya wapendwa, nimekaa. Leo sizunguki dukani wala sionyeshi theluji. Nimekuja kujibu swali moja, maana kila nikipandisha video linarudi lilelile: "Dada, sisi huku tunakesha shambani tunapiga madebe kufukuza nguruwe pori na ngedere, wewe huko Marekani unawapandia wanyama chakula. Hela imekuzidi?"

Haijanizidi. Na kabla hujaandika kwamba naringa, eneo lenyewe si langu. Ni la mzee mmoja ninayesali naye. Ana msitu nyuma ya nyumba, na katikati ya msitu kuna uwazi wa kama robo eka unaopata jua. Trekta halifiki, miti imebanana halafu ni mteremko. Akasema ukiweza kupalima kwa mkono, palime, kulungu wakija tutagawana nyama. Sasa mtu wa Njombe unamtishia kulima kwa mkono?

Mwingine anauliza, si umwage tu mahindi chini ya mti umsubiri hapo? Hapa Pennsylvania ni kosa. Kuwinda mnyama uliyemvuta kwa mahindi, chumvi au matunda ya kumwaga kuna faini yake. Kinachoota ardhini kwa kilimo cha kawaida kinaruhusiwa. Halafu kuna ugonjwa unaowakondesha kulungu mpaka wanakufa, hauna dawa wala chanjo, umeonekana jimboni hapa tangu 2012. Kulungu wengi wakiingiza midomo kwenye rundo moja la mahindi, mate yanachanganyika. Ndiyo maana kwenye maeneo yenye ugonjwa huo hata kuwalisha kwa huruma tu wamekataza.

Kazi yenyewe sasa. Kushika jembe siwafundishi, na kusema kweli jembe halikuhusika sana. Ukiupindua udongo wa msituni unaamsha mbegu za magugu zilizolala miaka. Mwishoni mwa Julai nilivaa bomba la mgongoni nikapulizia glifosati, dawa ya kuua magugu, nikaacha majani yakauke kama wiki mbili, halafu nikachukua reki ya chuma nikakwangua takataka mpaka udongo ukaonekana. Basi. Mbegu nilimwaga mwishoni mwa Agosti, mvua ikiwa imetabiriwa kesho yake. Na ufunge suruali ndani ya soksi, maana kupe wa huku wana ugonjwa wa Lyme, na jimbo hili lina wagonjwa wengi kweli.

Kilichonitoa roho ni chokaa. Udongo wa msitu una tindikali, wa Nyanda za Juu Kusini mnanielewa. Kupima kwenye maabara ya chuo kikuu hakukufika dola 20, jibu likaja pH 5.2 (kipimo cha tindikali, namba ikishuka tindikali imezidi), na klova, majani ya malisho niliyotaka kupanda, inataka kati ya 6 na 7. Pendekezo lilikuwa tani 2 za Kimarekani kwa eka, tani yao ni ndogo kidogo kuliko yetu. Kwa robo eka yangu, hiyo ni mifuko 25 ya kilo 18, kwa toroli, kupandisha mlima, na mimi nimetoka zamu ya usiku ya kugeuza wazee vitandani. Mnaoandika "maisha ya mtelezo" mngekuwepo siku ile. Chokaa nayo haina haraka, inachukua miezi kufanya kazi, kwa hiyo mwaka wa kwanza usitegemee klova ikubebe.

Ndiyo maana nilichanganya na rai, ile nafaka ya jamii ya ngano. Rai haichagui udongo, inaota hata ikiangukia juu juu, na baridi haiiui: theluji ikiyeyuka inaendelea pale ilipoishia. Robo eka inakula kama kilo 11. Nikaongeza oti, nafaka nyingine, ambazo kulungu wanazipenda zikiwa changa lakini barafu kali ikija zinakufa. Klova mbegu zake ni ndogo kuliko ulezi, kilo moja inatosha eneo lote, kwa hiyo changanya na mchanga la sivyo zinaisha kwenye kona ya kwanza. Usizifukie. Zikanyage kwa miguu, tembea tembea kama unakagua shamba la mwenzako.

Nimeweka pia kizimba kidogo cha waya katikati. Ndani majani yamefika magotini, nje yamekwanguliwa. Bila kile kizimba ungesema mbegu hazikuota.

Sasa hela, maana najua mnakuja huko. Baba yangu mdogo alichukua picha ya video yangu akaitupa kwenye grupu la ukoo: "Mchango wa harusi hana, wa swala anao." Baba mdogo, shikamoo, naongea kwa heshima. Mwaka juzi kulungu mmoja aliruka barabarani akavunja taa na boneti la gari langu. Bima yangu ilikuwa ile ndogo ya kulipa uliyemgonga, kwa hiyo nilitoa mfukoni mwangu. Kulungu mmoja akiingia kwenye friza, nyama ya miezi siinunui. Mchango nitatoa, ila usinipigie hesabu kwa picha.

Makaratasi ndiyo yalinichosha kuliko chokaa. Mwindaji mpya lazima awe na cheti cha mafunzo, hata kama una miaka sitini. Sasa majina yetu matatu! Kitambulisho kimoja jina la babu liko mwisho, kingine limekaa katikati, na mfumo unasema wewe ni watu wawili. Nikaenda duka moja kuulizia bunduki. Nina kadi ya kijani, ile ya ukazi wa kudumu, sheria inaniruhusu, lakini anwani ya kitambulisho ilikuwa ya nyumba niliyohama, nikakataliwa mbele ya foleni nzima. Nikanunua upinde ule wenye kifyatulio, ambao tangu 2009 unaruhusiwa hapa msimu wa mishale. Wewe mwenye viza ya masomo usifuate njia yangu, sheria ya bunduki kwako ni nyingine, muulize wakili. Na nasema ya jimbo hili tu, aliye Michigan au Texas asome ya kwake.

Wanaosema niuze nyama: nyama ya kulungu wa porini haiuzwi, ni marufuku. Ikizidi unaigawa, na kuna mpango unaoitwa Hunters Sharing the Harvest unaipeleka kwa wenye njaa.

Na wale watatu mnaoomba mwaliko mje kuwinda: leseni ya mkazi ni kama dola 21, ya mgeni inazidi 100. Hiyo tutachanga. Viza mimi sitoi.